Kibwawa cha uani: anza na ardhi, dawa baadaye

Kwa wale mnaotaka kuweka kibwawa cha juu ya ardhi hapo nyuma ya nyumba, kitu cha kwanza sio pampu wala dawa, ni pale chini pawe leveli kabisa, maana maji ni mazito jamani, lita 1,000 ni tani nzima, sasa bwawa likiinama upande mmoja maji yote yanasukumia huko na ukuta unaweza kufumuka. Chukua pimamaji na ubao mrefu ulionyooka, pitisha kila upande, palipoinuka chimba ushushe, usijaze udongo palipo chini kwa sababu ule wa kujazia utadidimia tu ukishalowa. Toa mawe na mizizi, tandika turubai ndo ulaze bwawa.

Maji pima kwa vile vikaratasi vya kupimia maji ya bwawa, pH (kipimo cha uasidi wa maji) iwe kati ya 7.2 na 7.8, klorini, yaani dawa ya kuua vijidudu, isipungue 1 ppm (miligramu 1 kwa lita). Klorini weka jioni pampu ikiwa inazunguka, jua la mchana linaimaliza haraka sana. Na dawa ndo inatiwa kwenye maji, sio maji kwenye dawa, wala usiichanganye na asidi au klorini ya aina nyingine, gesi yake sio ya mchezo.

Filta isuuze mara kwa mara, ikiziba maji yanakuwa na ukungu hata kama dawa ipo (wengi wanazidisha dawa tu wakati shida ni filta).

Ngazi itoeni mkimaliza kuogelea, na mtoto mdogo asiachwe hapo peke yake hata dakika moja.