Somo: Mnunuzi akitaka kujaribu pikipiki yako, mpe funguo lini?

Karibu kila wiki mtu hunijia gereji hapa Busia, upande wa Uganda, na swali hilihili: "Fundi, nauza pikipiki, mnunuzi anataka kuizungusha kidogo kabla ya kulipa. Nimpe?"

Mpe. Mtu anayetoa mamilioni ya jasho lake ana haki ya kujua kama gia ya tatu inashika au inaruka, na hilo haliwezi kujulikana pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi. Muuzaji anayekataa kabisa ananifanya nijiulize anaficha nini. Lakini pikipiki isitoke uwanjani kabla bei yote haijahesabiwa na kuwekwa mahali salama.

Uchungu wa jambo hili naujua. Miaka 6 iliyopita nilikuwa nauza Boxer ya mzee mmoja aliyeniamini. Akaja kijana mtanashati, Kiswahili chake safi, Kisamia anakijua, akaniachia kitambulisho cha taifa na simu kubwa. "Nafika hapo kwenye kituo cha mafuta, narudi." Tulimngoja mpaka magharibi. Kitambulisho kilikuwa cha mtu aliyekipoteza sokoni, na simu ile ilikuwa imekufa zamani, ndani haina hata ubao. Hapa kwetu mpaka uko karibu, njia za panya ni nyingi. Ukimaliza kunywa chai, pikipiki iko Kenya. Nililipa deni la mzee yule kwa miezi 11. Alikuwa ameiuza ili alipe karo, na watoto wale walikaa nyumbani muhula mzima kwa sababu yangu. Ndiyo maana naandika somo hili.

Hatua ya 1: Chuja watu kwenye simu

Kabla mtu hajapanda teksi kuja kwako, mwambie masharti: majaribio yapo, lakini bei yote iwe tayari siku hiyo, aje na leseni ya kuendesha pikipiki (daraja A) na kofia ngumu. Mwizi akisikia hayo hukata simu. Mnunuzi wa kweli huuliza bei ya mwisho. Kama hajui kuendesha, aje na fundi wake. Usikubali mtu ajifunzie klachi kwenye mali yako.

Hatua ya 2: Karatasi

Mwonyeshe kadi ya umiliki, yaani logibuku, alinganishe mwenyewe namba ya injini na ya chesisi. Aisome ukiwepo, kisha irudi kwa mtu wako, si chini ya kiti cha pikipiki. Nimeona watu wakiiacha humo wakati wa majaribio. Aliyeondoka na pikipiki pamoja na kadi yake ameondoka na kila kitu, na kesho anaiuza Iganga kama yake.

Kama bado unalipa mkopo wa pikipiki, usianze kabisa. Kampuni ndiyo mwenye mali mpaka umalize.

Hatua ya 3: Mahali na saa

Mchana, penye watu wanaokujua. Steji yenu ya boda ni nzuri kuliko nyumbani, maana mwenyekiti wa steji yupo na vijana wanaangalia. Usiende kukutana na mtu kwenye kona ya mashamba ya miwa eti ndiko anakofanya kazi. Madereva wa boda wameuawa katika nchi hii kwa ajili ya pikipiki, na wengine waliitwa hivyohivyo kwa upole.

Hatua ya 4: Injini iwe baridi

Hapa namtetea mnunuzi. Usiipashe injini kabla hajafika. Injini ya moto huficha mengi: ikiwa baridi ndipo utajua kama inawaka kwa kiki moja au kwa kumi. Mwache aguse injini kwa mkono, aiwashe mwenyewe, asimame nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, mara nyingi ringi za pistoni zimekwisha. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, kabureta au chujio la hewa. Mwache aangalie cheni, spoki, tairi, taa. Kama kuna ugonjwa unaujua, useme sasa. Mnunuzi aliyeambiwa ukweli kuhusu cheni hushusha bei kidogo. Aliyeugundua barabarani huanza kutilia shaka hata kadi.

Ukaguzi huu unaweza kuchukua nusu saa. Wengi huishia hapa, hawaitaki tena pikipiki, na wewe hujahatarisha kitu.

Hatua ya 5: Pesa kwanza

Kitambulisho si dhamana. Simu si dhamana. Pikipiki yake aliyokuja nayo si dhamana pia, kwa sababu hujui ameitoa wapi, na ukikutwa nayo utaeleza wewe. Rafiki yake aliyeachwa akimngoja? Atakwambia walikutana njiani, na huenda ni kweli.

Dhamana ni bei yenyewe, yote. Ihesabiwe ndani, si barabarani. Noti za 50,000 ziangalieni moja moja kwenye mwanga. Kama benki iko karibu, nendeni mkahesabie kaunta. Kisha pesa zisikae mfukoni mwako wala mwake: zikae kwa mtu wa tatu mnayemkubali wote wawili, kama mwenyekiti wa steji au mwenye duka. Naipenda njia hii kwa sababu inamlinda na mnunuzi. Yeye naye anaogopa kwamba akiondoka na pikipiki wewe utaondoka na pesa.

Kama ni pesa ya simu, usiamini ujumbe unaoingia. Ujumbe wa uongo unaandikwa na yeyote. Angalia salio lako mwenyewe, *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel. Kumbuka pia kwamba aliyetuma anaweza kuipigia kampuni ya simu na kudai ametuma kimakosa, kwa hiyo maandishi ya hatua inayofuata yasikosekane. Ada ya kutoa, pamoja na kodi ya asilimia 0.5, mkubaliane nani anaibeba kabla ya kutuma. Nimeona biashara nzuri ikivunjika kwa ajili ya hiyo.

Hatua ya 6: Mistari mitano kwenye karatasi

Andikeni: majina na namba za vitambulisho, namba ya pikipiki, kiasi kilichowekwa na kwa nani, saa ya kutoka na ya kurudi, na sentensi hii: "Nikiiangusha au kuiharibu nitalipa matengenezo, nisiporudi, pesa ni za muuzaji." Wote watie sahihi, na shahidi pia. Mpigeni picha akiwa amekaa juu ya pikipiki, namba ikionekana. Mtu mwema hatakasirika.

Bima je? Ile ya lazima inamlipa mtu wa tatu aliyegongwa. Haikulipi wewe pikipiki iliyopinda, wala hospitali ya aliyekuwa juu yake. Ndiyo maana karatasi ni muhimu.

Hatua ya 7: Njia yenyewe

Chagua wewe. Kilomita mbili au tatu zinatosha, na ziwe na mambo matatu: sehemu iliyonyooka ya kupandisha gia zote, mlima mdogo wa kuona kama klachi inateleza, na sehemu mbovu ya kusikia shokapu. Sisi huku tunakwepa barabara ya kuelekea mpakani kwa sababu ya foleni ya malori, na kwa ile sababu nyingine mnayoijua. Petroli iwe kidogo, nusu lita tu.

Kuna wauzaji wanaofunga bomba la petroli kwa siri, ili injini izime baada ya mita chache mtu akikimbia. Naomba msifanye hivyo. Itazima katikati ya barabara na nyuma yake lori linakuja. Pikipiki hupatikana nyingine.

Wala usipande nyuma ya mtu usiyemjua. Kama unataka kumfuata, chukua boda mwingine wa steji yenu.

Hatua ya 8: Akirudi

Izungukeni pikipiki pamoja mkiikagua kabla hajaenda mbali. Ameipenda, andikeni mkataba wa mauzo, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, agonge muhuri, halafu fuatilieni kuhamisha umiliki mara moja. Kadi ikibaki na jina lako, pikipiki ikigonga mtu au ikitumika kwa wizi, polisi wanakuja kwako. Hajaipenda, mrudishie pesa zake zote palepale, karatasi ichanwe mbele ya wote.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Arua: Fundi, mnunuzi ni mtu mzima, anaonekana mwaminifu, lakini amekataa kabisa kuweka pesa. Nimpoteze?

Jibu: Usimpoteze bado. Mwambie wewe utaendesha, yeye akae nyuma na kofia, mzunguke steji mara mbili mbele ya wenzako. Atasikia gia na injini kwa mwili wake. Au fundi wake, kama unamfahamu, aendeshe. Akikataa na hilo, muage kwa heshima. Huku kwenu nako mpaka hauko mbali.

Swali kutoka Mbale: Mimi ni mwanamke, pikipiki ni ya marehemu mume wangu na mimi siendeshi. Wanaume wanakuja wananiambia "leta funguo mama, tujaribu." Naogopa.

Jibu: Pole sana, dada. Kwanza, mali ya marehemu haiuzwi kabla ya kupata barua za usimamizi wa mirathi. Ukiuza bila hizo, ndugu au mnunuzi anaweza kukurudisha nyuma baadaye. Anzia ofisi ya LC1 yako, watakuelekeza. Ukishazipata, pikipiki isikae nyumbani kwako. Mpelekee mwenyekiti wa steji aliyokuwa akifanyia kazi mume wako, majaribio yote yafanyikie pale, funguo zikae kwa kaka yako au shemeji unayemwamini. Na yeyote atakayekuita kando kuzungumza bei bila mashahidi, usimfuate.

Swali kutoka Jinja: Mimi ni upande wa pili, nanunua. Kwa nini niweke milioni zangu zote kwa pikipiki ambayo sijaijua?

Jibu: Ndugu, huzitoi, unaziweka. Tofauti yake ni yule mtu wa tatu na ile karatasi. Na maliza ukaguzi wa hatua ya 4 kwanza. Usihesabu hata noti moja kama injini haikukuridhisha ikiwa baridi. Muuzaji anayetaka pesa ziingie kwake moja kwa moja, bila shahidi, mwache na pikipiki yake.

Swali kutoka Kampala: Juzi mtu alijaribu TVS yangu akaiangusha kwenye shimo. Mkono wa klachi umevunjika, indiketa moja na kioo vimekwenda. Anasema shimo si lake. Hatukuandika kitu.

Jibu: Aliyeshika usukani ndiye aliyeliona shimo, kwa hiyo kwangu mimi analipa yeye. Lakini kwa kuwa hamkuandika, usidai na pikipiki mpya. Piga picha ya uharibifu, chukua bei ya vipuri kutoka maduka mawili na bei ya kazi kutoka kwa fundi asiye rafiki yako, kisha mwende wote wawili kwa mwenyekiti wa LC1. Kama breki au taa zilikuwa mbovu na hukumwambia, kubali mgawane gharama. Nenda leo, wakati bado anapokea simu zako.