Kuzuia mpapatiko wa bawa la ndege: anzia na feni

Kijana akija karakanani kwangu hapa Moshi kuniuliza bawa la ndege inayokaribia mwendo wa sauti linalindwaje na mpapatiko, yaani mtikisiko unaojikuza wenyewe hadi bawa likatike, namwambia alete feni ya kusimama. Upepo wake ni mdogo mno, lakini unatosha kumfundisha jambo kuu la kazi hii: sahihisho likichelewa, linaangamiza.

Chonga bawa la sentimita 40 hivi kwa lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni. Libebe kwa bledi mbili za msumeno wa chuma zilizofungwa sambamba, lipate kupanda na kushuka, kisha liwekee ekseli yenye springi laini, lipate kujisokota. Mpapatiko huzuka pale miondoko hiyo miwili inaposhikana, bawa likajisokota kwa namna inayoufanya upepo uzidi kulisukuma kila mzunguko. Bandika nati mbili tatu nyuma ya ekseli uuone mapema. Ukizihamishia mbele, bawa linatulia. Hiyo ndiyo dawa ya zamani ya watengeneza ndege, na naiheshimu, ila kila uzito unaoongeza ndege inaubeba safari nzima.

Kabla ya kuwasha feni, funga uzi wa kulizuia bawa lisipite kiasi. Usiruke hatua hii. Panga pia mirija ya soda mbele ya feni, imefungwa kicha, upepo unyooke.

Sasa weka flapu, yaani kibao kinachogeuka, nyuma ya bawa, sevo ndogo (mota inayogeuka kwa amri) ya kuigeuza, na sensa ya mwendo. Programu iifanye flapu ipinge kasi ya bawa, si mahali lilipo. Hapa usiwe na haraka. Bawa likitikisika mara 5 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni milisekunde 200. Sevo za kawaida hupokea amri kila milisekunde 20, halafu zinahitaji muda wa kugeuka, na kuchuja data ya sensa kunakula muda mwingine. Jumla ikifika 50, umekosa robo mzunguko na hupunguzi mtikisiko tena. Ikifika 100, unausukuma, kama mtu anayesukuma bembea inapoondoka. Basi ongeza uzito kwenye ekseli mpaka bawa litikisike mara 2 au 3 kwa sekunde, sevo iweze kuwahi.

Karibu na mwendo wa sauti mambo ni magumu zaidi. Wimbi la mshtuko, yaani mahali hewa inapobanwa ghafla, linakaa juu ya bawa, linakwenda mbele na nyuma kwa kuchelewa, na flapu inapoteza nguvu. Kiwango cha sahihisho lazima kibadilike kadiri kasi inavyobadilika. Mwaka 1973, Wamarekani waliirusha ndege yao ya kivita B-52 mafundo 10 (kama kilomita 18 kwa saa) juu ya kasi ambayo mpapatiko wake huanza, kwa mfumo wa aina hii. Juni 1980, ndege isiyo na rubani ya DAST, mradi wa majaribio wa NASA, shirika la anga la Marekani, ilikatika bawa angani. Sahihisho lilikuwa limewekwa nusu ya lililokusudiwa. Kwa hiyo hakiki namba zako feni ikiwa imezimwa: sukuma bawa kwa mkono, utazame flapu inageukia wapi na kwa kiasi gani.

Kisha ongeza upepo kidogo kidogo. Kila hatua gonga bawa kwa kidole, hesabu mitikisiko hadi litulie, andika. Hesabu ikianza kupanda haraka, zima, usingoje mpapatiko. Na ukilipeleka Arusha, pima upya tangu mwanzo: kule ni juu zaidi, hewa ni nyepesi, na mpapatiko utataka upepo mkali kidogo kuliko wa Moshi.