Mkojo ukiwa rangi ya strungi (chai isiyo na maziwa), nenda hospitali

Kwenu mnaojiunga na vikundi vya mazoezi makali hapa Kisumu: siku ya kwanza fanya nusu ya wanachofanya wenyeji wa kikundi. Nusu, hata kama kocha anahesabu kwa sauti na kundi zima linakushangilia. Shangwe hizo ndizo huponza wageni wengi, maana mtu huona aibu kusimama.

Misuli isiyozoea ikilazimishwa kupita kiasi huvunjika, na protini yake iitwayo mayoglobini huingia kwenye damu na kuumiza figo. Madaktari huita hali hiyo rabdomayolisisi. Kujivuta juu ukining'inia kwenye chuma mara nyingi, hasa ule wakati wa kujishusha polepole, huumiza misuli sana.

Kukakamaa kidogo kesho yake ni kawaida. Lakini ndani ya siku 1 hadi 3, ukiona mkono umevimba, maumivu hayavumiliki, kuchana nywele kunakushinda, au mkojo umekuwa kama strungi, usingoje dalili zote zitimie. Nenda hospitali siku hiyohiyo, eleza mazoezi uliyofanya, uombe damu na figo zipimwe. Tafadhali usijitulize kwa dawa ya maumivu ya ibuprofen, kwani nayo huzielemea figo.

Joto letu la ziwani huongeza hatari, kwa hiyo chagua alfajiri, na unywe maji. Na kama umetoka tu kuugua malaria, kaa nyumbani kwanza. Kocha anayekukemea kwa hilo, mhame.