Kupima nishati inavyohama kutoka polima hadi yuropiamu katika hewa ya Tanga

Utando wa polima uliochanganywa na yuropiamu (metali ambayo ayoni zake hung'aa nyekundu) ukiwaka mwekundu chini ya taa ya urujuanimno, bado hujui kama nishati imetoka kwenye polima. Ligandi za yuropiamu, yaani molekuli zilizoishikilia ayoni yake, nazo hunyonya miali hiyo moja kwa moja. Kwa hiyo tengeneza tando tatu: PVK tupu (polivinilikabazoli, polima inayonyonya urujuanimno), PVK yenye kompleksi (yuropiamu pamoja na ligandi zake), na PMMA (plastiki ya akriliki) yenye kompleksi ileile kwa asilimia ileile. PMMA huishikilia tu kompleksi, haiilishi nishati.

Kutengeneza kompleksi ni rahisi. Katika mililita 30 za ethanoli ya 60 °C, yeyusha gramu 0.67 za dibenzoilimethani na 0.18 za fenantrolini kavu, ambazo ndizo ligandi. Ongeza gramu 0.12 za NaOH iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo, kisha dondosha polepole gramu 0.37 za kloridi ya yuropiamu (EuCl3·6H2O) iliyoyeyushwa kwenye ethanoli. pH ibaki 6 hadi 7. Ikipanda sana, utapata hidroksidi ya yuropiamu. Chuja mashapo ya manjano, osha kwa maji kisha ethanoli baridi, ukaushe vizuri.

Mizani ya kawaida haipimi miligramu 1. Yeyusha miligramu 10 za kompleksi katika mililita 10 za kiyeyushi cha klorobenzini, chota mililita 1, uchanganye na mililita 1 nyingine ya klorobenzini yenye miligramu 20 za PVK. Hiyo ni 5% ya uzito wa polima.

Tatizo kubwa la pwani ni unyevu, hasa wakati wa masika. Kloroformu, kiyeyushi kingine, hukauka upesi mno na kukipoza kioo. Mvuke wa hewani hugeuka matone juu yake, na utando unatoka mweupe wenye vitundu. Ndiyo maana tunasisitiza klorobenzini. Pasha kioo hadi 50 °C, dondosha mchanganyiko juu yake, kisha acha kikauke ndani ya sanduku lenye silika jeli iliyookwa upya. Vaa glavu, na mvuke wa kiyeyushi utoke nje. Maji yakibaki, mtetemo wa O–H humeza nishati ya yuropiamu na wekundu hufifia.

Tumia taa ya nm 254, ukimulika upande wa utando, kwa sababu kioo huizuia miali hiyo. Vaa miwani ya kinga. Taa ya nm 365, kama ya kukagulia noti, haifai: PVK karibu haiinyonyi, na wekundu utakaouona umetoka kwenye ligandi. PVK tupu hung'aa buluu-zambarau, karibu nm 410. Penye uhamisho, buluu hiyo inapungua na mstari mwekundu wa yuropiamu wa nm 612 unang'aa kuliko ule wa PMMA. Buluu ikififia bila wekundu kuongezeka, nishati imepotelea kwingine. Ukiona madoa mekundu yaliyotengana, kompleksi imejikusanya fuwele. Punguza hadi 2%.

Usibadilishe yuropiamu kwa terbiamu, metali inayong'aa kijani, ukitaka rangi hiyo. Tripleti ya dibenzoilimethani, yaani ngazi ya nishati ambayo ligandi hutumia kuipa metali nishati, iko karibu sawa na ngazi ya terbiamu, takriban 20,500 cm⁻¹, na nishati hurudi kwenye ligandi.