Jaribu lisimamie, kishawishi kikimbie, usije ukavichanganya

Wapendwa kuna kosa nimeliona kwa watu wengi na mimi mwenyewe nimelifanya miaka mingi tu, tunakimbia pale tulipotakiwa kusimama alafu tunasimama pale tulipotakiwa kukimbia. Mtu akiugua au biashara ikianguka anahama huduma hii kwenda ile, anatafuta mahali ambapo maumivu yataisha leo leo, lakini mtu huyo huyo meseji za mke wa mtu zinaingia usiku na anazijibu, ukimuuliza anakwambia mi niko imara siwezi kuanguka. Hapo mambo yako kichwa chini miguu juu.

Sehemu ya shida ni lugha. Biblia yetu ya Kiswahili inasema majaribu kwa vitu vyote viwili, na hata Kiyunani, lugha ambayo Agano Jipya liliandikwa, ni hivyo hivyo, neno peirasmos linabeba mateso yanayokupima na pia ushawishi wa kutenda dhambi. Soma Yakobo sura ya 1 utaona. Mstari wa 2 anasema hesabuni ni furaha tupu mkiangukia katika majaribu mbalimbali, ukifika wa 13 anageuka, mtu ajaribiwapo asiseme ninajaribiwa na Mungu. Sio kwamba anajipinga, anaongelea vitu viwili vinavyotembea pamoja.

Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa, kabla hata hujaanza kukemea, jiulize: hiki kitu kinaniumiza au kinaniita? Kinachokuumiza, kama ugonjwa, msiba, kukosa kazi, kusingiziwa, hilo ni jaribu, unalivumilia. Kinachokuita, kinachokwambia njoo hapa utapata nafuu, hicho ni kishawishi na dawa yake ni miguu. Paulo hakuwaandikia Wakorintho waivumilie zinaa, aliandika ikimbieni. Yusufu kwenye Mwanzo 39 hakubaki kumhubiria mke wa Potifa, aliacha vazi lake mkononi mwake akatoka nje mbio. Aliingia gerezani kwa sababu ya kukimbia huko na gerezani ndio akavumilia, yaani mtu mmoja, vitu viwili tofauti, kila kimoja na namna yake.

Sasa ugumu ni kwamba vinakuja pamoja. Mimi niliwahi kukaa miezi 11 bila kazi na mwezi wa tisa nikaitwa mahali nikaambiwa nafasi ipo, ila kuna karatasi za kusaini na hesabu zenyewe sio za kweli. Siku nina kazi nzuri ningekataa hata bila kufikiria, ila siku ile nilikaa na ile kalamu, nikaanza kusema moyoni labda huu ndio mlango Mungu ameufungua. Kishawishi kilivaa nguo za jibu la maombi. Ndio nikaelewa kwanini kwenye Mathayo 4 yule mjaribu alimfuata Bwana baada ya siku 40 za kufunga, akiwa na njaa, na kitu cha kwanza akaongelea mkate. Shetani anaangalia jaribu lako liko wapi alafu anaweka kishawishi hapo hapo. Kwahiyo ukiwa kwenye mateso ongeza ulinzi, na uliza mapema: katika hili ninalopitia ni dhambi gani ingenipa unafuu wa haraka? Ukishaijua iandike, mana hiyo ndio itakayokuja.

Alafu tuje kwenye mlango. 1 Wakorintho 10:13 wengi tunaujua kwa kichwa, Mungu pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea. Ila watu wanautafuta huo mlango wakiwa wameshafika kitandani. Mlango huwa uko mwanzoni na kila unavyosogea unazidi kuwa mwembamba. Angalia Daudi 2 Samweli 11. Anatembea juu ya dari, anamwona mwanamke anaoga, kuona hakukupanga, angeweza kugeuka akashuka, huo ni mlango. Hakushuka, akatuma mtu aulize ni nani. Akajibiwa huyu ni mke wa Uria, mlango mwingine huo tena mkubwa kabisa mana Uria alikuwa shujaa wake yuko vitani. Akatuma tena watu wakamlete. Kila hatua ina mlango na kila hatua anaupita, mpaka ikaishia Uria ameuawa. Kwahiyo usijiulize nitakataaje nikifika pale, jiulize nifanye nini nisifike pale. Kama ni simu, isilale chumbani. Kama ni mtu, futa namba na usimwandikie meseji ndefu ya kumuaga, ile meseji ya kuaga ndio inarudisha maongezi. Kama ni pombe pita njia nyingine hata ikiwa ndefu. Sio kukosa imani huko.

Na uwe na maneno mdomoni. Yesu alijibu mara tatu na mara zote tatu alichukua kutoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6. Hakuanza kutafuta siku ile. Chagua mistari miwili mitatu inayogusa udhaifu wako wewe, sio wa jirani, ikae kichwani, kwa sababu saa ile inapokuja akili haifanyi kazi vizuri.

Kuvumilia sasa, na hapa naomba nisikilizwe. Kuvumilia sio kunyamaza na kutabasamu kanisani. Zaburi 13 Daudi anauliza hata lini mara nne ndani ya mistari miwili, na Zaburi 88 inaisha gizani kabisa bila hata neno la kushukuru, na imo kwenye Biblia, watu waliimba. Mwambie Mungu inauma. Mwambie umechoka. Paulo aliomba mara tatu ule mwiba uliomtesa mwilini utoke haukutoka, akapewa neno, neema yangu yakutosha, na akaendelea na kazi nao.

Mwili pia usiusahau. Eliya 1 Wafalme 19 alikaa chini ya mti akaomba afe, na Mungu hakumkemea, alimtuma malaika na mkate na maji, akala akalala, akaamshwa akala tena, mazungumzo yakaja baadaye huko mlima Horebu. Kwahiyo lala. Kula. Nenda hospitali, na kama ni moyo na akili vimelemewa mpaka unatamani kufa kama Eliya, mwambie mtu leo hii na umwone daktari, usisubiri ibada ijayo.

Na kitu kingine, kupigwa na kunyanyaswa sio jaribu la kukaa ukingoja likukamilishe. Daudi alimkimbia Sauli, Paulo alishushwa ukutani kwenye kapu kule Dameski usiku, na Nazareti walipotaka kumtupa Bwana bondeni alipita katikati yao akaenda zake. Anayekwambia rudi ukavumilie kipigo hajaisoma Biblia vizuri.

Ukianguka je? Petro alikana mara tatu, na kabla hajakana Yesu alishamwambia nimekuombea imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako. Alilia kwa uchungu, lakini baadaye tunamkuta yuko na wenzake. Yuda naye alijuta, hata vipande 30 vya fedha alivirudisha, ila akaenda zake peke yake. Hiyo peke yake ndio naiogopa kuliko kitu kingine chochote. Tafuta mtu mmoja anayejua kutunza siri, mmoja anatosha, mkubaliane mapema kabisa kwamba nikikupigia saa nane ya usiku pokea. Na siku ukianguka mpigie asubuhi ile ile, usingoje wiki ipite ukiwa msafi kwanza ndio useme. Mwambie jina la dhambi yenyewe, usiseme nimeteleza kidogo, muombe pamoja, alafu mwambie na kesho yake akuulize tena.