Kiwanda kikitaka kujitanua mtaani kwenu

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Changamwe, na vikao vya viwanda nishakaa mpaka soda zikanikinai. Hizo soda zisikusahaulishe kusoma karatasi unayotia saini. Juu iwe imeandikwa "waliohudhuria", si "waliokubali". Sisi lilitupata hilo.

Kabla ya kikao, ombeni NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Usihangaike na kurasa zote. Tafuta maji machafu yanatokea wapi, kisha angalia hewa ilipimwa mwezi gani. Ripoti moja niliyoisoma ilipima Januari tu, wakati wa kaskazi, moshi unapokwenda upande wa pili. Kusi ikivuma, moshi wote ni wetu!

Wekeni daftari: tarehe, saa, harufu, mtoto gani kakohoa. Kama kiwanda kinayeyusha betri, watoto wapimwe damu kujua kiwango cha risasi, yale madini ya "lead", kabla tanuri jipya halijawashwa, ili baadaye pawe na cha kulinganisha. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, watu waligundua sumu hiyo ishaingia mwilini. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliamuliwa mahakamani 2020, miaka mingi baadaye.

Kazi tunazitaka, vijana wamekaa vibarazani. Basi dai masharti yaandikwe ndani ya leseni: vichujio, vipimo vya mara kwa mara, matokeo yabandikwe kwa chifu. Wakikaidi, kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani hata kabla hujaumia.