Krediti zinahama, gredi zinabaki: jinsi ya kupiga hesabu ya GPA ukihamia chuo kingine

Binti wa dada yangu alikuja likizo Dodoma mwisho wa mwaka, jioni tumekaa kibarazani Ipagala na sahani ya karanga akanigeuzia simu yake, "Ma'mdogo hebu ona, wamenidhulumu." Alikuwa amesoma miaka miwili kwenye chuo kidogo cha Marekani, kile cha diploma za miaka miwili, akatoka na krediti 60 (krediti ndo uzito wa kozi) na GPA, yaani wastani wa gredi, ya 3.8, akahamia chuo kikuu kumalizia digrii, semista ya kwanza tu akaunti yake ya chuo inasoma 2.80. Na mfadhili wake anataka isishuke 3.0. Mtoto alikuwa hali chakula vizuri, siku ya tatu hiyo.

Hakuna aliyemdhulumu. Vyuo vingi vya Marekani vinapokea krediti ila gredi havipokei, ndo utaratibu wao. Ukiangalia transkripti mpya, pembeni ya kozi ulizokuja nazo hukuti A wala B, unakuta herufi kama T au TR, maana yake kozi imeingia kwenye zile krediti 120 za kumaliza digrii lakini kwenye GPA ni kama haipo. Zile A zake hazijafutwa, zipo kwenye transkripti ya chuo cha kwanza.

Nikachukua karatasi tukapiga hesabu. A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni 0, unazidisha pointi za gredi na krediti za kozi, unajumlisha zote, halafu unagawa kwa krediti zenye gredi za chuo hicho peke yake. Yeye alichukua kozi tano za krediti tatu tatu, akapata A moja, B mbili na C mbili, jumla pointi 42, gawa kwa 15 unapata 2.80. Kichwani mwake alikuwa anachanganya na zile 60 za zamani, yaani 228 jumlisha 42 gawa kwa 75, ambayo inatoka 3.6 kweli, ila chuo chake hakihesabu hivo.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote: ukihama, semista yako ya kwanza inakuwa nzito sana kwa sababu hakuna kitu nyuma yake cha kuibeba. C moja kwa mtu mwenye krediti 75 za gredi haishtui, C hiyohiyo kwa mwenye 15 inamshusha vibaya. Kwahiyo usijaze kozi zote ngumu semista hiyo, chukua mbili ngumu, nyingine zile unazojua utakomaa nazo. Na ukiteleza, piga hesabu ya kurudi badala ya kulia. Ili afike 3.0 kwa krediti 30 anahitaji pointi 90, ana 42, zimebaki 48, gawa kwa 15 ni 3.2, yaani B nne na A moja, anaifikia. Alivoona hiyo namba akaanza kula karanga.

Kwa aliyetoka chuo cha kwanza na C nyingi utaratibu huuhuu unampa ukurasa mpya, ila asitegemee kila kitu, kwa kawaida kozi yenye D haihamishiki kabisa. Na ukiwa na F kwenye chuo chako halafu ukairudia hiyo kozi chuo kingine ukapata A, mara nyingi ile F inabaki ilivo kwenye GPA, maana A ya kule inaingia kama krediti tu. F irudie palepale ulipoipatia.

Krediti za mitihani nazo ni vilevile. Waliosoma A-level za Cambridge, au waliofanya AP au CLEP, mitihani ya Marekani ya ngazi ya chuo, chuo kinaweza kuwapa krediti bila kukaa darasani, lakini 5 ya AP, alama yake ya juu kabisa, haigeuki kuwa A ya 4.0, haipandishi GPA wala haishushi. Faida yake ni muda na ada. Ila jiulize kabla hujazikubali: ukiruka Kalkulasi ya kwanza unaingia moja kwa moja ya pili, pamoja na wenzako waliopigia msuli ya kwanza palepale na wanamjua mwalimu. Kama hesabu yako ya kidato cha sita imeshapoa ni bora uombe uanze ya kwanza. Na anayewaza udaktari aangalie mapema, zipo shule za udaktari za Marekani zisizokubali krediti ya AP kwenye masomo ya lazima.

Halafu kuna wanaotoka vyuo vyetu, UDOM, St. John's na kwingine, hawa wanakosea kwenye vipimo. Mwaka mmoja kwetu ni krediti 120, na Marekani digrii nzima ni 120, basi kijana anadhani amemaliza! Krediti ya kwetu ni masaa 10 ya kazi, ya kwao ni kubwa zaidi, mwaka wao wa kawaida ni krediti 30. GPA yetu nayo ni ya 5, kwahiyo usijizidishie mwenyewe ili uifanye ya 4, andika "3.8 kwa skeli ya 5" ilivo, wakaguzi wa vyeti kama WES wanapitia kozi moja moja.

Na usifiche transkripti ya zamani eti kwa sababu haihesabiki. Ukiomba shule ya sheria Marekani, LSAC, wanaoshughulikia maombi ya shule hizo, wanachukua gredi za vyuo vyote vya kule ulivosoma kabla ya digrii ya kwanza wanazijumlisha upya, na AMCAS, wanaopokea maombi ya shule za udaktari, wanafanya hivohivo. Zile 60 za mtoto wetu zitarudi mezani siku hiyo, na zitamsaidia.

Usiku uleule tukamwandikia msajili wa chuo chake barua pepe fupi, nawe unaweza kuuliza hayohayo: kozi zipi zimeingia kama kozi kamili na zipi zimeingia kama za kuchagua tu, krediti ngapi lazima nizisomee hapo kwenu ndo nipewe digrii, kumaliza na heshima za ufaulu kunataka krediti ngapi zenye gredi zenu, na naweza kukataa krediti ya mtihani hadi lini. Mfadhili tukamwandikia yake, kumuuliza 3.0 anaipima kila semista au mwisho wa mwaka.